Nataka kujenga pikapu ya Ford ya 1931 iwe hotirodi ya kizamani, na niiendee kazini kila siku. Nianzie wapi?

Kijana wa Chumbageni (Fort Worth, Texas)

Wakuu salaam. Wazee mliotangulia huku Marekani, shikamooni.

Kuna pikapu ya Ford Model A ya mwaka 1931 inauzwa nje kidogo ya mji ninaoishi. Mwenye nayo ni mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Marehemu aliiweka bandani akitarajia kuifufua, ikakaa hivyo hivyo. Nimekwenda kuiangalia na tochi. Kebini ni ile ya kufungwa, milango yote miwili ipo na inashika, chini ya milango kuna kutu ila si ya kukatisha tamaa. Kasha la nyuma limeliwa pembeni na mbao za sakafu yake zimeoza. Injini ya asili ya silinda nne imekwama, haizunguki hata kwa hendeli. Bei aliyotaja naiweza, na karatasi anazo kwa jina la marehemu.

Ninachotaka ni hotirodi, yaani gari la zamani lililofanyiwa mabadiliko ili likimbie zaidi, tena ya mtindo wa zamani. Zile za kumeremeta zinazobebwa kwa trela kwenda maonyesho sizitaki. Nataka mtu akiiona adhani kijana wa Los Angeles aliijenga baada ya kurudi Vita vya Pili vya Dunia, kwa vyuma alivyookota yadi ya magari mabovu: imelala kidogo mbele, matairi ya nyuma makubwa kuliko ya mbele, V8 ya flathedi (silinda nane, valvu zikiwa ndani ya bloku), rimu za chuma zilizopigwa rangi, basi.

Sasa shida inaanzia hapa. Nataka kuiendesha kila siku. Mimi ni fundi viyoyozi, gari la kazi nalikuta karakana, kwa hiyo kutoka nyumbani ni usafiri wangu mwenyewe. Ni maili ishirini na ushei, nusu yake barabara kuu ambako watu wanatembea 70 kwa saa. Kiangazi cha hapa mnakijua, joto linapita nyuzi 38, halafu foleni juu yake.

Wenzangu kazini wananishauri ninunue chesesi mpya ya kiwandani, nifunge injini ya Chevrolet 350 na giaboksi ya otomatiki, niweke kebini ya 1931 juu, nimalize. Najua itakwenda vizuri. Lakini roho inakataa, maana nitakuwa nimejenga gari la leo lililovaa koti la babu.

Naomba mnisaidie haya. Flathedi itavumilia joto la Texas? Breki nifanyeje? Umeme nibaki na volti 6 au niende 12? Na mke wangu ana swali lake moja: mtoto wetu wa miaka mitatu atakaa wapi humo?

Kuchomelea najua kiasi, nimezoea mabomba ya shaba. Umeme ndiyo kazi yangu.

Mzee wa Makorora (Riverside, California)

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kuona mtoto wa Tanga anauliza jambo hili, na nitakujibu kwa kirefu maana hii ndiyo kazi inayoniamsha asubuhi tangu nistaafu karakana ya malori. Ninayo 1931 kama hiyo unayoitamani, kebini ya kufungwa, flathedi ya 1950 ndani. Sokoni naenda nayo, msikitini naenda nayo.

Kwanza chagua mwaka. Uandike ukutani. Mimi wangu ni 1951. Chochote kinachoonekana na mtu aliyesimama nje ya gari lazima kiwe kilipatikana yadi au dukani kufikia mwaka huo: rimu, taa, usukani, kabureta, viti, vishikio vya milango. Kisichoonekana, weka bora uwezavyo kupata leo. Kanuni hiyo moja itakujibia maswali yako karibu yote, na itakuepusha na lile gari ambalo mbele ni 1940, ndani ni 1965 na nyuma halieleweki.

Na usidhani kuweka kitu bora ni kuwasaliti wale vijana. Wao ndio walioanza. Walikuwa wakikimbiza magari kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage kabla ya vita, chama chao cha mbio, SCTA, kikaundwa 1937, na kufikia 1949 walikuwa wamefika uwanda wa chumvi wa Bonneville kule Utah. Ford alitoa V8 yake ya kwanza ya bei nafuu mwaka 1932, farasi 65. Miaka michache baadaye injini hizo zilikuwa zinalala yadi kwenye magari yaliyogongwa, na kijana mwenye Model A ya farasi 40 akaona hapa pana jambo. Akaihamisha. Breki za mafuta zilipokuja akazichukua pia. Hakuna aliyebaki na kitu kibovu kwa sababu kilikuwa cha asili.

Nianze na breki maana ndizo zitakazokurudisha kwa mkeo. Model A ilitoka na breki za vyuma vya kuvuta, fito kutoka kwenye pedali hadi kila gurudumu. Chrysler alikuwa na breki za mafuta tangu 1924, lakini Henry Ford alikataa mpaka gari za 1939. Kwa hiyo unatafuta breki za Ford za 1939 hadi 1948, dramu za inchi 12, mbele pamoja na spindo zake. Ukibahatika kupata za Lincoln za miaka ya 1940, chukua hizo, maana breki shuu zake zimeunganishwa chini na moja inaisukuma nyingine, unakanyaga kidogo linashika sana. Zile za Ford kila shuu ina mhimili wake, na zisiporekebishwa kwa uvumilivu gari litavuta upande. Rekebisha mhimili wa chini kwanza, halafu wa juu, dramu ikiwa imetoka kuchongwa na lainingi imesagwa kufuata duara la dramu hiyo hiyo. Fundi asiyesaga lainingi atakwambia breki za Ford mbovu. Si mbovu.

Masta silinda ndiyo usiige zamani. Ya wakati ule ina njia moja: bomba moja likipasuka huna breki hata ya gurudumu moja. Funga ya njia mbili, ile iliyoenea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, mbele njia yake na nyuma njia yake. Itakaa chini ya sakafu, hakuna atakayeiona. Kwa kuwa itakuwa chini kuliko silinda za magurudumu, mafuta yatapenda kurudi na pedali itashuka. Weka valvu ndogo ya kubakiza presha, ya paundi 10 kwa breki za dramu, kwenye kila njia. Kitu kidogo kama kidole gumba, lakini bila hicho utakanyaga mara mbili kila taa nyekundu. Na breki ya mkono ifanye kazi kweli.

Sasa flathedi na joto. Watu wanasema inachemsha, na sababu ipo. Valvu ziko ndani ya bloku, kwa hiyo moshi wa moto unapita ndani ya bloku, katikati ya maji, kabla ya kutoka. Zaidi ya hapo silinda mbili za kati za kila upande zinatumia tundu moja la ekzosi, ndiyo maana utaona matundu matatu upande mmoja badala ya manne. Hicho kipande cha kati kinapokea moto mwingi kuliko kwingine. Lakini injini hizo ziliendesha teksi, malori na magari ya polisi ya Marekani kwa miaka ishirini. Zingekuwa zinachemsha zote, Ford angefunga kiwanda.

Inayochemsha ni ile iliyojaa uchafu. Tangu siku ilipomiminwa kiwandani kuna mchanga wa kalibu ulibaki kwenye njia za maji, na juu yake kuna kutu ya miaka sabini. Bloku yangu ilipotoka kwenye dawa ya kuchemshia nilidhani imekuwa safi. Nikatoa plagi za pembeni zinazoziba njia za maji, nikaingiza waya mgumu uliopindwa ncha, nikawa nakwangua kuzunguka silinda moja baada ya nyingine huku napiga nyundo ya mpira taratibu. Ulitoka mchanga mweusi ukajaa sufuria, mwingine umegandamana kama jiwe pale nyuma karibu na klachi ambako maji yanazunguka polepole. Kazi hiyo mfanyie mwenyewe injini yako, usimwachie mtu anayelipwa kwa saa.

Halafu nyufa. Usinunue flathedi kwa sababu mwenye nayo ameiwasha ukasikia inanguruma. Nyufa zinapenda kukaa kati ya kiti cha valvu na silinda, na kuzunguka matundu ya bolti za hedi. Peleka bloku tupu kwa machinisti aikague kwa sumaku na unga wa chuma, kisha aijaze presha. Atakapokupa jibu ndipo ulipe pistoni. Bloku nzuri ya 8BA, ile flathedi ya Ford ya 1949 hadi 1953, ndiyo nakushauri: kengele ya klachi imefungwa kwa bolti, haikumiminwa pamoja na bloku kama zile za kabla yake, na distribyuta yake imesimama mbele juu, unaifikia bila kulala chini. Ujazo ni inchi 239 za ujazo, farasi 100. Ukipata krenki ya Mercury ya miaka hiyo hiyo, yenye mpigo wa inchi 4, ujazo unafika 255 na gari linavuta kutoka chini vizuri sana. Kwa barabara ya kila siku usiende zaidi ya hapo. Usitanue silinda mpaka kuta ziwe nyembamba, hapo ndipo joto linapokuja kweli.

Rejeta iwe nene, iliyotengenezwa kwa V8 lakini yenye umbo la kuingia kwenye ganda la mbele la Model A. Themostati mbili, moja kila hedi. Na ukiona joto linapanda, angalia taimingi kabla ya kulaumu rejeta, maana moto ukichelewa kuwaka unamalizikia kwenye ekzosi, na ekzosi yako iko ndani ya maji.

Giaboksi: funga T5 ya gia tano iliyotoka kwenye pikapu ya Chevrolet S10. Liva yake inatokea mbele, mahali panapofaa kwa kebini ya Ford, na adapta za kuiunganisha na flathedi zinauzwa. Ukiweka juu yake liva iliyopindwa kama ya 1939, hata mimi nitadanganyika. Faida yake ni hii: kwa difu ya 3.78 na tairi la kimo cha inchi 30, maili 70 kwa saa injini inazunguka karibu 3,000. Kwa gia ya tano inashuka mpaka 2,100 na kidogo. Kwenda na kurudi kila siku kwa 3,000 utafika kichwa kinauma, na injini nayo itakuwa inaumia.

Umeme nenda volti 12. Ford wenyewe walibaki na 6 mpaka walipobadilisha gari za 1956. Wewe fundi umeme, sikufundishi. Waya zipite kwenye ala za kitambaa zionekane za zamani, fyuzi ziwe za kisasa chini ya kiti. Wipa ya asili inavutwa na hewa ya injini, ukikanyaga mafuta inasimama, mvua ya Texas haitakusubiri. Weka mota ya umeme. Taa za nyuma weka zile za Ford ya 1939 zenye umbo la tone, ndani weka LED, na uongeze ya tatu chini ya kioo cha nyuma.

Tanki. Kwenye Model A petroli inakaa mbele ya kioo, juu ya magoti yako, inateremka yenyewe kwenye kabureta. Kwa gari la Jumapili watu wanaiacha. Wewe utakuwa katikati ya malori kila siku, kwa hiyo peleka tanki jipya nyuma chini ya kasha, kati ya reli za chesesi. La zamani huwezi kulitupa maana mgongo wake ndiyo bodi yenyewe unayoiona kwa nje. Lioshe, likaushe, liache tupu. Usiliguse kwa moto.

Sasa swali la mke wako, nalijibu wazi: mtoto asipande. Kebini ni nyembamba, mlango ni bati, dashibodi ni chuma, na mkanda utakaofunga ni wa kiunoni ulioshikwa kwenye chesesi. Huo utakusaidia wewe mtu mzima. Mtoto abaki kwenye gari la familia lenye kiti chake nyuma. Mwambie mkeo nimesema mimi.

La mwisho, kabla hujatoa hata dola: namba. Model A namba yake ilipigwa kwenye injini, upande wa kushoto juu ya mahali bomba la maji linapoingilia, na ikarudiwa juu ya reli ya kushoto ya chesesi, mahali ambapo bodi imeifunika. Injini zilibadilishwa sana miaka hiyo yote, na karatasi nyingi zimeandikwa namba ya injini. Ukitoa injini hiyo na namba ya reli ikawa nyingine, una gari lisilo na mwenyewe. Legeza bolti za kebini, inua mbele kidogo, safisha reli kwa brashi ya waya laini, upige picha.

Bi Spana (Columbus, Ohio)

Mdogo wangu, na wewe Mzee shikamoo. Mzee ameongea vizuri na sikuongezi kitu kwenye flathedi. Ila nataka uitazame njia nyingine kabla hujafunga mkataba, maana wewe umesema kila siku, na Model A ni gari dogo kwa mtu anayetoka kazini amechoka.

Mimi naendesha pikapu ya Chevrolet 3100 ya 1951. Hizo zilianza kutoka kati ya mwaka 1947, zikaenda mpaka mapema 1955, na kebini yake watu watatu wanakaa bila kubanana. Breki za mafuta zipo tangu kiwandani. Hita ipo. Injini yake ni silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na hapa sikiliza: ya asili ya 1951 ni 216 (ujazo wake kwa inchi), ambayo beringi za fito za pistoni zinalainishwa kwa oili inayorushwa na kuchotwa, haipendi kabisa kukimbizwa maili 70. Toa hiyo, weka 235 ya 1954 au baada yake, inayosukuma oili kwa presha kila mahali. Inaingia bila vita, na kwa nje mtu asiyejua hatatofautisha. Weka manifoldi ya kabureta mbili na ekzosi mbili zilizogawanywa tatu kwa tatu. Mlio wake ukipita mtaani, wazee wa hapa wanasimama.

Na ni hotirodi halali. Watu wa Kusini mwa California walikimbiza silinda sita za Chevrolet na GMC miaka hiyo hiyo, Wayne Horning alizitengenezea hedi maalumu na zikawasumbua wenye flathedi.

Ukibaki na Ford, nakuomba jambo moja. Gari la miaka hiyo lilitakiwa grisi karibu kila maili 1,000. Kwa safari zako hiyo ni kila mwezi. Nipeli, yaani vile vitundu vya kupigia grisi, za kingpini, ncha za usukani, shakeli za springi, zote. Ningekuwa wewe ningechora ramani ya nipeli zote na kuibandika ndani ya mlango. Na flathedi uifungie chujio cha oili, maana nyingi hazikuwa nacho au zilikuwa na kile kinachochuja sehemu tu ya oili. Watu wanaharibu krenki kwa uvivu wa nusu saa.

Chumvi ya barabarani huko kwenu ni ya nadra, shukuru. Mimi yangu Desemba mpaka Machi iko ndani.

Fundi wa Gerezani (Dar es Salaam)

Wakuu, hotirodi huku kwetu hatuna lakini chesesi ni chesesi. Kazi yangu ni kuunga na kuimarisha chesesi za Fuso na Scania, na nimeona picha za hiyo Model A: reli ni bati lililokunjwa umbo la C, jembamba. Ukiweka V8 lazima uzibe upande ulio wazi kwa bamba ili reli iwe boksi.

Mkuu umesema umezoea mabomba ya shaba. Hapa usichomelee mstari mzima kwa mkupuo. Chesesi itapinda kama ndizi na hutaamini macho yako. Ifunge kwanza juu ya meza au boriti zilizonyooka, clampu kila futi. Piga alama ndogo ndogo za moto, moja mbele kushoto, nyingine nyuma kulia, nyingine katikati. Halafu vipande vya inchi moja, unaruka, unaacha ipoe mpaka mkono unashika. Kila ukimaliza raundi pima ulalo kwa ulalo, kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, na kinyume chake. Vipimo vikipishana, simama papo hapo.

Na bamba usiliweke unene kuliko unavyohitaji. Mafundi wengi wanapenda nene. Reli ya asili inabaki nyembamba, bamba ni nene, ufa unatokea pale zinapokutana. Ncha za bamba zikate kwa mshazari, usizimalizie wima.

Kijana wa Chumbageni

Wakuu, sina la kusema zaidi ya asanteni. Mzee wangu, nimerudi kwa yule mama leo, nimemweleza kuhusu namba na akaniruhusu. Tumeinua kebini na jeki. Namba ya reli inasomeka yote, nyota mwanzo na mwisho, na inalingana na karatasi. Ya kwenye injini ni nyingine kabisa. Kwa hiyo injini iliyomo ndiyo mgeni.

Dada Bi Spana, 3100 nimeitafuta mtandaoni na ni nzuri kweli, lakini moyo umeshaenda kwa hii. Ramani ya nipeli nitaichora. Fundi wa Gerezani, chesesi nitampelekea mtu mwenye meza, mimi nitashika brashi.

Mke wangu amesoma jibu la mtoto, ameridhika.

Nimebakiwa na mawili. Kabureta: nimependa zile Stromberg 97 mbili juu ya manifoldi ya Edelbrock, zitanifaa kila siku? Na matairi: nikifuata 1951 kwa ukali, nitaweka ya nyuzi za mshazari, yale ya kabla ya radiali za leo?

Mzee wa Makorora

Namba ya reli kulingana na karatasi, hiyo ni habari njema kuliko zote. Mlipe mama wa watu bei yake bila kumpunguzia. Kabla hujamlipa mwombe karatasi za mirathi zinazoonyesha ana haki ya kuuza, uende nazo pamoja na hati ofisi ya kodi ya kaunti. Na plati za namba chukua za kawaida. Zile za magari ya kale hapo Texas ni za maonyesho, gwaride na shughuli za klabu, haziruhusu kwenda kazini. Bima nayo vilevile: nyingi za magari ya kale ni rahisi kwa sababu zinakataza matumizi ya kila siku. Mwambie wakala ukweli wote mapema.

Kabureta mbili ni halali na zinapendeza. 97 ni kabureta ya Ford V8 ya 1936 hadi 1938, na leo zinatengenezwa mpya. Lakini anza na moja. Ijue injini yako kwanza ikiwa na kabureta moja, taimingi imekaa, joto limetulia, plagi zinatoka na rangi ya kahawa ya maziwa. Hapo ndipo uweke manifoldi na ya pili. Wengi wanaanza na mbili kwenye injini mpya, ikichemsha hawajui walaumu nini. Na kwa kuwa petroli ya pampu huko kwenu ina ethanoli, badilisha mipira yote ya pampu na mabomba kwa ile inayoivumilia. Ya zamani inayeyuka taratibu na kuziba jeti. Bomba la petroli lipitishe mbali na ekzosi, vinginevyo foleni ya Agosti itageuza petroli kuwa mvuke kabla haijafika kwenye kabureta na gari litakata moto katikati ya njia.

Matairi: Michelin alipatenti radiali 1946 kule Ufaransa, ila Marekani hazikuenea mpaka miaka ya 1970, kwa hiyo mwenye kufuata 1951 kwa ukali ataweka ya mshazari. Mimi nilikuwa nayo. Yanafuata kila mfereji uliochimbwa na malori barabarani, na asubuhi yanaamka na bapa pale yaliposimama usiku. Kwa barabara yako weka radiali zilizotengenezwa na uso wa kizamani, ubavu ulionyooka. Chagua nyembamba mbele, na nyuma zenye kimo karibu na zile 7.50-16, juu ya rimu za Ford za 1940 hadi 1948. Ukizipaka nyeusi na kofia ndogo katikati, hakuna atakayekuuliza.

Utaratibu wa kazi uwe huu. Bloku iende kwa machinisti wiki hii ukiipata, maana wao ndio wanaochelewesha. Wakati inasubiri, chesesi, ekseli, breki. Gari liendeshwe likiwa halina rangi, kebini imeshikwa kwa bolti tu, mpaka uone linanyooka na linasimama. Utalifungua tena tu, hakuna anayepatia mara ya kwanza mahali pa pedali na usukani. Rangi mwisho kabisa. Hiyo kutu ya chini ya milango ikate uweke bati jipya, lakini rangi iliyobaki juu ya kebini usiiguse kwa msasa mpaka unitumie picha zake mchana wa jua. Kuna nyeusi za kiwandani zinazorudi zikisuguliwa kwa mkono.